Norrbotten, kaskazini kabisa mwa Uswidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika, simu yangu haipumziki. Huyu kapata nafasi Luleå, yule mume wake kaitwa kazini mgodini, mwingine kasikia kwa shangazi yake kwamba kuna mji unahamishwa mzima mzima na anataka kujua kama ni kweli au ni stori za mtandaoni. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyajibu mara moja, nikiulizwa nitume ukurasa huu. Mimi si afisa wa serikali wala wakala wa safari. Naishi Luleå, nalipa kodi hapa, na theluji nimeshaifagia vya kutosha.

Norrbotten ni mkoa, jimbo au wilaya?

Ni mkoa, ila usiufikirie kama Mwanza au Mbeya. Eneo hili lina mamlaka mbili zinazokaa juu ya ardhi moja, na hapo ndipo wageni wengi huchanganyikiwa.

Ya kwanza ni *länsstyrelsen*, jicho la serikali kuu. Inaongozwa na mkuu wa mkoa anayeteuliwa na serikali ya Stockholm, na inashughulika na mambo kama mazingira, hifadhi, ardhi ya malisho na maandalizi ya majanga. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 1810 ulipomegwa kutoka Västerbotten.

Ya pili ni Region Norrbotten, yenye baraza linalochaguliwa na wananchi. Kazi yake kubwa ni afya: hospitali, vituo vya afya, meno, magari ya wagonjwa. Zamani iliitwa *landsting*, jina likabadilishwa mwaka 2017, lakini wazee bado wanatumia la zamani.

Ndani ya eneo hilo hilo kuna pia *kommun* 14, yaani halmashauri. Hizi ndizo utakazokutana nazo kila siku: shule, chekechea, maji, taka, kulea wazee, masomo ya Kiswidi kwa wageni. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipanga foleni kwenye ofisi ya mkoa nikitafuta nafasi ya chekechea. Mama wa mapokezi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa, kisha akanionyesha jengo la halmashauri ng'ambo ya barabara.

Ukubwa wake ukoje?

Kama kilomita za mraba 98,000, karibu robo ya Uswidi nzima. Chukua Rwanda, ongeza Burundi, bado hujaijaza Norrbotten. Lakini watu ni kama 250,000 tu, na sehemu kubwa wanaishi ukanda wa pwani: Luleå, Piteå, Boden, Kalix. Ukiingia bara unaweza kuendesha saa nzima ukiona misonobari, maziwa na mabango ya kuonya kuhusu wanyama barabarani.

Kwa hiyo ukimwambia ndugu yako "niko Norrbotten, na wewe uko Norrbotten, tuonane Jumamosi", angalia ramani kwanza. Luleå hadi Kiruna, mji wa mgodi ulioko bara kaskazini, ni mwendo wa saa nne kwa gari, barabara ikiwa nzuri.

Ni kweli kuna wakati jua halichomozi, na wakati mwingine halitui?

Kweli, ila inategemea uko wapi. Kiruna iko ndani ya Mzingo wa Aktiki, ule mstari wa kwenye ramani unaozunguka kaskazini ya dunia. Huko, kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami, na mwezi Desemba kuna majuma kama matatu halionekani kabisa. Usidhani ni giza la kaburini: mchana kuna mwanga wa buluu, kama ule wa alfajiri kabla ya jogoo wa pili, na theluji huuongeza.

Luleå iko kusini kidogo ya mstari huo. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa nne asubuhi na kutua saa saba mchana. Unaingia kazini gizani, unatoka gizani, jua limekuja na kuondoka ukiwa kwenye kikao. Juni ni kinyume chake: jua huzama kidogo tu usiku wa manane, na mbingu haziingii giza. Nunua mapazia mazito. Watoto hawatakubali kwamba ni usiku.

Sasa Waislamu wanafungaje Ramadhani huko?

Hili naulizwa kuliko yote, hasa na watu wa Zanzibar na Mombasa. Ramadhani ilipoangukia Juni, miaka ya katikati ya 2010, kufuata jua la hapa maana yake ilikuwa kufuturu karibu usiku wa manane na kuanza tena kabla hujamaliza kuosha vyombo. Wapo waliofuata saa za mji wa kusini ambako usiku unatofautika na mchana, wapo waliofuata saa za Makka, na wapo waliojikaza na jua la hapa hapa. Muulize imamu wa msikiti utakaosali, usiniulize mimi.

Mambo yanageuka, kwa sababu mwezi unarudi nyuma. Ramadhani za mwanzoni mwa miaka ya 2030 zitaangukia Desemba, na huko Luleå magharibi itaingia saa saba mchana. Wale jamaa wa Juni watalipwa deni lao.

Baridi ni kali kiasi gani?

Nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri ni siku ya kawaida ya Januari. Bara huwa zaidi: Vuoggatjålme, kijiji kidogo cha milimani, kilipima nyuzi 52.6 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1966.

Ila baridi yenyewe utaizoea. Kinachomshinda mgeni ni taratibu zake. Kwenye maegesho ya magari utaona vijiti vyenye soketi za umeme, kila gari na kijiti chake, na waya umetoka chini ya boneti kama kamba ya mbuzi aliyefungwa mtini. Hiyo ni kwa ajili ya kupasha injini moto kabla ya kuiwasha. Matairi ya majira ya baridi ni sheria kati ya tarehe 1 Desemba na 31 Machi pale barabara inapokuwa na theluji au barafu, na watu wengi hapa hufunga yale yenye misumari. Aprili inapoanza kuyeyuka, unasikia lami inakwaruzwa mji mzima.

Na bahari inaganda. Ghuba ya Bothnia ina chumvi kidogo sana, kwa hiyo inakuwa sakafu. Hufunguliwa barabara juu ya barafu kuelekea visiwani, magari yanapita yakiwa na kikomo cha uzito. Katikati ya mji wa Luleå wanasafisha njia ya barafu kuzunguka rasi, na jioni utaona bibi wa miaka sabini anateleza kwenye *spark*, kiti chenye vyuma viwili virefu unachokisukuma kwa mguu mmoja, kikapu cha mboga kimekaa mbele. Mara ya kwanza kukanyaga bahari nilitembea kama ninayeogopa kumwamsha mtu.

Ni kweli mji wa Kiruna unahamishwa?

Kweli kabisa, na sababu yake ndiyo sababu ya mji wenyewe kuwepo.

Kampuni ya madini ya LKAB, mali ya serikali, ilianzishwa 1890. Kiruna ni mji uliojengwa kwa ajili ya mgodi, na reli ya kupeleka madini ya chuma hadi bandari ya Narvik, Norwei, ambayo haigandi, ilikamilika mwanzoni mwa karne ya 20. Leo ni mgodi mkubwa kuliko yote duniani ya chuma inayochimbwa chini ya ardhi. Njia kuu ya kusafirishia iko kina cha mita 1,365. Treni moja ya madini ina mabehewa 68 na hubeba zaidi ya tani 8,000. Ukiisubiri ipite kwenye kivuko, zima injini.

Shida ni kwamba mwamba wenye chuma haukusimama wima. Umelala kwa mteremko, na mteremko wenyewe unaelekea chini ya mji. Kadiri wanavyochimba chini, mwamba wa juu unaporomoka kujaza pengo, na nyufa zinasogea kuelekea nyumba za watu. Usiku wa manane hulipuliwa baruti, na ukilala Kiruna utasikia kitanda kinatikisika kidogo, kisha kimya. Wenyeji hawaamki.

Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba mji utahama. Kituo kipya, kama kilomita tatu mashariki, kilizinduliwa Septemba 2022. Nyumba nyingi zimebomolewa, chache zimebebwa zilivyo. Kisha likaja kanisa. Lilijengwa 1912 kwa mbao, kubwa, jekundu, na tarehe 19 na 20 Agosti 2025 lilipakiwa juu ya trela na kusogezwa kilomita tano, uzito wa tani 672, kwa mwendo wa kinyonga. Barabara ilikuwa imepanuliwa kwa miezi kabla. Televisheni ya taifa ilirusha safari yote moja kwa moja, na nakiri niliiacha ikicheza siku nzima kazini.

Watu wa Kiruna huwasikii wakilia sana hadharani. Lakini kaa nao kwenye kahawa. Atakuambia mtu kwamba fidia ilikuwa sawa, nyumba mpya ina joto, kisha atakaa kimya, halafu atasema mti aliopanda baba yake sasa uko nyuma ya uzio.

Utajiri wote huo wa chuma unamfaidisha nani?

Swali zuri, na jibu lake litamshangaza mtu wa Geita au Kahama. Tanzania, halmashauri yenye mgodi hulipwa ushuru wa huduma kutokana na mauzo. Uswidi, halmashauri haipati hata senti ya madini yenyewe. Sheria ya madini inatoza ada ya elfu mbili kwa kila milioni, yaani asilimia 0.2: robo tatu yake kwa mwenye ardhi, robo kwa serikali. Gawio la LKAB linakwenda Stockholm.

Umeme ni hadithi hiyo hiyo. Mto Lule pekee hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya umeme wa Uswidi, na Harsprånget ndicho kituo kikubwa kuliko vyote nchini cha umeme wa maji. Nyaya zinashuka kusini. Halmashauri hapa huishi kwa kodi ya mapato ya wakazi wake, ndiyo maana kila meya anatafuta watu wahamie: mtu mmoja anayehama na mshahara wake ana maana kuliko treni nzima ya mawe.

Upande wa pili nao useme. Bei ya umeme huku kwa kawaida ni ndogo kuliko kusini, na ndiyo iliyowaleta Facebook kufungua kituo chao cha data Luleå mwaka 2013. Na ndiyo iliyoleta wazo la kutengeneza chuma kwa haidrojeni badala ya makaa ya mawe: mradi wa majaribio wa Hybrit ulianza kazi Luleå 2020, na Boden kunajengwa kiwanda kikubwa cha chuma cha kampuni ya Stegra. Hicho cha Boden kimepata misukosuko ya fedha, kwa hiyo anayekuambia "nenda Boden, kazi ziko nje nje" mwambie atangulie yeye.

Wasami ni nani?

Ni wenyeji wa asili wa kaskazini, wanaoishi Norwei, Uswidi, Finlandi na Urusi. Bunge lao la upande wa Uswidi, *Sametinget*, lilianza 1993 na makao yake ni Kiruna. Tafadhali usiwaite "Walapi". Jina hilo wanaliona tusi.

Si Wasami wote ni wafugaji, wengi ni walimu, wauguzi, wafanyakazi wa migodi. Lakini ufugaji wa kulungu wa kaskazini, *ren* kwa Kiswidi, ni haki yao kisheria, na hufanywa kupitia jumuiya ziitwazo *sameby*. Kulungu huhama: milimani majira ya joto, misituni majira ya baridi wanakochimbua kuvumwani (kwa Kiingereza *lichen*) chini ya theluji. Sasa weka katikati ya njia hiyo mgodi, bwawa, reli na mitambo ya upepo. Mtu aliyefuatilia mambo ya Wamasai na hifadhi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jumuiya ya Girjas, si serikali, ndiyo yenye haki ya kutoa vibali vya uwindaji wa wanyama wadogo na uvuvi kwenye eneo lake. Miaka miwili baadaye serikali ikaruhusu mgodi wa chuma Gállok, karibu na Jokkmokk, huku Wasami wakipinga. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda: hatua mbele, hatua pembeni.

Adabu moja ya kushika: usimuulize mfugaji ana kulungu wangapi. Ni sawa na kumuuliza ana shilingi ngapi benki. Ukitaka kuwaona watu wakiwa na raha zao, nenda soko la Jokkmokk, mwezi Februari. Linafanyika tangu 1605.

Huko wanazungumza lugha gani?

Kiswidi, halafu Kisami cha aina zaidi ya moja, Kifini, na Meänkieli. Hiyo ya mwisho jina lake maana yake ni "lugha yetu", nayo inasemwa bonde la mto Torne. Mwaka 1809 Uswidi iliipoteza Finlandi kwa Urusi, mpaka ukachorwa katikati ya mto, na watu wa lugha moja wakajikuta nchi mbili. Baadaye shule za upande wa Uswidi ziliwakataza watoto kusema lugha ya nyumbani. Waliovishwa kibao shingoni enzi zao kwa kusema Kikikuyu au Kijaluo darasani wataelewa. Tangu 2000 Meänkieli ni lugha inayotambuliwa kisheria.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kitabu kitakuambia. Watu wa hapa wanapokubali, mara nyingi hawasemi "ndiyo". Wanavuta pumzi ndani kwa midomo iliyobana: *shhup*. Siku yangu ya kwanza kazini nilimuuliza bosi kama nimefanya sawa, akanitazama usoni akafanya hivyo. Mimi mtoto wa pwani nikajua nimefyonywa! Nilikaa na kinyongo hadi saa ya chakula, ndipo mwenzangu mmoja aliponieleza kuwa nilikuwa nimesifiwa.

Chakula je?

Kinachotambulisha huku ni *palt*, hasa wa Piteå: viazi vibichi vilivyokunwa, vikachanganywa na unga wa shayiri, vikafinyangwa kama bumunda na kutiwa nyama ndani, vikachemshwa. Huliwa na siagi na jamu ya matunda mekundu ya porini. Nyama ya ndani kwa kawaida ni nguruwe, kwa hiyo uliza. Ukishakula viwili, unalala. Wana hata neno lao kwa usingizi huo, *paltkoma*. Aliyelelewa kwa ugali hatashindwa.

Nyama ya kulungu iliyokaushwa kwa moshi ni tamu na haina mafuta. Mayai ya samaki wa Kalix, yale madogo ya rangi ya machungwa, yanalindwa na Umoja wa Ulaya kwa jina lake. Msituni, kila mtu anaruhusiwa kuchuma matunda na uyoga bila kuomba, ilimradi asikaribie nyumba za watu wala kuharibu. Lakini mahali pa kuchumia *hjortron*, tunda la njano la kwenye vinamasi, hakuna atakayekuonyesha. Nimejirani na mzee mmoja miaka mingi, tunaazimana koleo na ngazi, na hajanionyesha.

Nikiugua?

Piga 1177, utaongea na muuguzi atakayekuelekeza. Dharura ni 112. Hospitali ziko tano: Sunderby, kati ya Luleå na Boden, ndiyo kubwa, kisha Piteå, Kalix, Gällivare na Kiruna. Matatizo mazito hupelekwa Umeå, mkoa wa jirani. Umbali ndio ugonjwa wa pili. Hasira za watu wa bara kuhusu huduma kupunguzwa zilizaa chama kizima cha afya, na uchaguzi wa 2018 ulikiingiza madarakani mkoani baada ya miongo mingi ya utawala wa chama cha Social Democrats.

Una haki ya mkalimani bila malipo. Sema mapema unahitaji Kiswahili cha wapi. Mkalimani wa Mombasa na mgonjwa wa Bukavu wanaweza kusikilizana kuhusu salamu, wakapotezana kwenye dalili.

Naruhusiwa kupiga kura kama si raia?

Uchaguzi wa bunge la taifa, hapana. Halmashauri na mkoa, ndiyo, ukishasajiliwa kuwa mkazi wa Uswidi kwa miaka mitatu mfululizo. Uchaguzi ni kila baada ya miaka minne, mwezi Septemba. Tumia haki hiyo.

Haparanda nasikia saa zinabadilika?

Ukivuka daraja kwenda Tornio, Finlandi, saa inaongezeka moja. Mwaka mpya unasherehekewa mara mbili kwa kutembea tu. Unanunua samani IKEA ya Haparanda, unavuka, umechelewa chakula cha jioni.

Nikija nilete nini?

Usilete koti. Utanunua huku la kuaminika, tena la mitumba, maana na Waswidi wanauziana. Leta viungo unavyovipenda: iliki, karafuu, pilau masala ya mama. Unga wa mahindi na tui la nazi vinapatikana kwenye maduka ya wageni Luleå, lakini Kiruna utatafuta. Viatu vya baridi ongeza namba moja, ili soksi ya sufu ipate nafasi. Kiatu kinachobana mguu ndicho kinachogandisha vidole.